Nadharia Isitangulie Kitabu

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika uhakiki wa fasihi ni la mpangilio: mhakiki huteua nadharia kwanza, akaikariri mihimili yake, ndipo anapotafuta riwaya ya kuibebesha. Aingiaye kitabuni akiwa ameshaamua atakachokiona hakosi kukiona. Mwanaumaksi, yaani mfuasi wa Karl Marx, atakuta matabaka, mfuasi wa Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi-nafsi, atakuta tamaa ya Hamlet wa Shakespeare kwa mama yake, na kitabu chenyewe hakitapata nafasi ya kumshangaza yeyote.

Nadharia zenyewe hazikuzaliwa hivyo. Viktor Shklovsky, mmoja wa Wanaumaumbo wa Urusi, wahakiki waliotazama kwanza umbo la kazi ya sanaa, alieleza mwaka 1917 kwamba mazoea hutupofusha, na kwamba sanaa hukifanya kitu tulichokizoea kiwe kigeni tena. Mhakiki Mwingereza I. A. Richards aliwapa wanafunzi wa Cambridge mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akakusanya maoni yao. Kitabu alichokitoa mwaka 1929 kilionyesha jinsi hata wasomi walivyoyumba walipokosa jina la kuegemea. Mhakiki Mfaransa Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967, yaani kwamba maana ya matini haimtegemei aliyeiandika, alikwenda mbali zaidi, na mimi namkubali nusu tu. (Wanaolinukuu tangazo hilo, kwa bahati mbaya yake, hawasahau kamwe kumtaja aliyeliandika.)

Mfano unaonivutia zaidi ni Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847 kuhusu Jane, yatima anayempenda Rochester, tajiri aliyemwajiri. Sandra Gilbert na Susan Gubar, katika uhakiki wao wa kifeministi wa mwaka 1979, walimsoma Bertha Mason, mke wa Rochester aliyefungiwa orofa ya juu, kama nafsi ya pili ya Jane, yaani hasira ambayo Jane mwenyewe hawezi kuitamka. Usomaji huo uliifungua riwaya, lakini ulimgeuza Bertha kuwa kioo cha mwanamke mwingine. Mwaka 1985 Gayatri Spivak aliuliza kwa nini mwanamke huyu aliyetoka Jamaika hana budi kuichoma nyumba na kufa ili Jane apate kukamilika. Swali hilo sasa twaliweka chini ya nadharia ya baada-ukoloni, ile inayochunguza athari za ukoloni katika maandishi, ilhali kwanza lilikuwa swali kuhusu maneno: Spivak alisimama penye maelezo ya Bertha akitambaa kwa miguu na mikono, asijulikane kama ni mnyama au binadamu, akataka kujua mpaka huo uliwekwa na nani.

Wala hakumaliza yote. Mwanaumaksi asomaye kwa subira angeweza kuanzia kwenye pauni 20,000 ambazo Jane anarithi kutoka kwa ami yake aliyekuwa na biashara Madeira, kwa sababu ni baada ya kuzipata ndipo anaporudi kwa Rochester na kumwambia kwamba sasa anajitegemea. Mhakiki aliyekwisha kuorodhesha mihimili ya Umaksi kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza huenda akazipita fedha hizo akikimbilia maisha magumu ya yatima shuleni, ambako matabaka yanaonekana bila kutafutwa.