Mto Unapofurika: Mvua Ndiyo ya Kulaumiwa, au Ardhi?

Kila mto unapovunja kingo zake, lawama hugawanyika. Wapo wanaosema mvua ilizidi na hakuna ambacho kingefanyika. Wapo wanaosema mvua ni ile ile ya miaka yote, ila miti imekatwa, ardhi imebaki uchi. Mabishano haya si ya bure, kwa sababu upande utakaoshinda ndio utakaoamua fedha ziende kwenye kuta, kwenye miche ya miti au kwenye kuwahamisha watu. Naona kila upande umeshika kweli fulani, kisha ukaitumia mahali pasipo pake.

Upande wa mvua una hoja nzito. Linganisha Nile na Kongo. Bonde la Nile lina kilomita za mraba zipatazo milioni 3, na la Kongo linakaribia milioni 4. Kwa ukubwa hayajaachana sana. Lakini Kongo humwaga baharini wastani wa takriban mita za ujazo 41,000 kila sekunde, ilhali mtiririko wa asili wa Nile hauzidi 3,000. Mteremko na udongo peke yake haviwezi kueleza pengo la namna hiyo. Bonde la Kongo hupata wastani wa takriban milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, tena limekaa pande zote mbili za ikweta, hivyo upande mmoja ukikauka mwingine unanyeshewa. Nile, baada ya kuupokea mto Atbara nchini Sudan, husafiri zaidi ya kilomita 2,000 hadi baharini bila kijito chochote cha kudumu kuuongezea maji.

Hata hivyo, Nile huo huo unatoa ushahidi kwa upande wa pili. Khartoum hukutana mito miwili yenye tabia tofauti kabisa. Nile ya Buluu huteremka kutoka nyanda za juu za Ethiopia kupitia makorongo marefu. Mvua za Juni hadi Septemba huufanya ufure mwezi Agosti, kisha hukonda. Nile Nyeupe hutoka kwenye maziwa makuu na kupita kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini. Mtiririko wake hubadilika kidogo tu mwaka mzima, na miezi ya ukame ndio unaobeba sehemu kubwa ya maji yanayokwenda kaskazini. Watu hupenda kusema kwamba mvua huleta kiasi na ardhi hupanga wakati. Sudd inaonyesha kwamba kauli hiyo haitoshi: takriban nusu ya maji yanayoingia humo hupotea hewani kwa mvukizo. Ardhi tambarare hutuliza mto, na huku inaunywa.

Ziwa nalo lina kumbukumbu. Mvua kubwa za mwaka 1961 na zilizofuata zililipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na maji yaliyotoka Jinja, Uganda, ambako Nile huanzia ziwani, yakabaki mengi kwa miaka mingi baada ya mawingu yale kuondoka.

Lakini swali ninaloliona zito kuliko yote ni hili: siku mvua ilipofika, ardhi ilikuwa katika hali gani? Robert Horton, mtaalamu wa maji wa Marekani, mwaka 1933 alieleza kwamba maji hukimbia juu ya ardhi pale mvua inapozidi kasi ya udongo kunyonya. Hiyo ni kweli kwenye udongo mgumu au ulioshindiliwa. Mwaka 1970 watafiti Thomas Dunne na Richard Black, baada ya vipimo vyao Vermont, Marekani, walionyesha njia nyingine: udongo ukishajaa kutoka chini, hata mvua ya taratibu hutiririka moja kwa moja hadi mtoni, kwa kuwa haina pa kuingia.

Agosti 1952, kijiji cha Lynmouth, kusini magharibi mwa Uingereza, kilipigwa na mafuriko yaliyoua watu 34. Takriban milimita 229 zilinyesha kwenye nyanda za Exmoor ndani ya saa 24. Anayeilaumu mvua ana haki kamili. Lakini udongo wa huko juu ulikuwa umeshashiba mvua za siku zilizotangulia, na mito ya huko hushuka kwa mteremko mkali hadi kijijini. Mvua kama ile ikinyesha kwenye tambarare ya kichanga kikavu, mto hupanda, lakini haushuki na magogo na mawe makubwa usiku mmoja. Kwa hiyo sehemu ya kile tunachokiita ardhi ni mvua ya juma lililopita, iliyohifadhiwa chini ya miguu yetu.

Kuhusu misitu, natofautiana na watu ninaowaheshimu. Husemwa kwamba miti huongeza maji ya mto. Kwenye msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, New Hampshire, Marekani, mwaka 1965 watafiti walikata miti yote ya bonde dogo na kuzuia isichipue tena; mwaka wa kwanza maji ya kijito yaliongezeka kwa takriban asilimia 40. Watafiti Bosch na Hewlett, mwaka 1982, walipitia majaribio 94 ya aina hiyo, na mwelekeo ulikuwa ule ule: miti ikipungua, jumla ya maji ya mwaka mara nyingi huongezeka. Mti hunywa.

Je, ndiyo ruhusa ya kukata? Hapana, na nasema hivyo bila kusita. Pale Hubbard Brook udongo haukulimwa wala kukanyagwa na mifugo. Kwingineko, shoka hufuatwa na jembe na kwato, vitundu vya udongo huziba, na maji yaliyopaswa kuzama hukimbia siku hiyo hiyo yakiwa na tope. Ukijumlisha mwaka mzima, mto umepata maji zaidi. Ukienda kwenye chemchemi wakati wa kiangazi, unaweza kukuta imekauka. Anayetetea msitu autetee kwa ajili ya udongo ulio chini yake, na asiahidi kwamba utazuia kila gharika, kwa sababu mvua ikizidi, hata udongo wa msituni hujaa.

Lami na saruji ni suala jepesi zaidi: hazinyonyi chochote, na mifereji huharakisha kilichobaki.

Kwa mvua za kawaida, basi, fedha za kutunza udongo na vinamasi ni fedha nzuri, hasa kwenye mabonde madogo ambako mabadiliko ya ardhi huonekana upesi mtoni. Kwa mvua kubwa mno kinachookoa ni onyo, na onyo lenyewe lipime unyevu wa udongo pamoja na milimita zinazotarajiwa. Kwenye mto mkubwa maji huchukua siku, pengine majuma, kufika chini, na watu wanaweza kuhama na mali zao. Kwenye kijito cha milimani muda huo ni saa chache, na huenda ni saa za usiku.