Sanduku la Maoni

Mwaka 2018, miezi michache baada ya serikali ya Marekani kutulazimisha madereva wa malori kuachana na daftari la karatasi na kutumia ELD, kifaa kinachounganishwa na injini na kuhesabu saa za udereva bila huruma, niliingizwa mizani huko Nebraska, kando ya barabara kuu ya I-80. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeendesha saa 6 kati ya 11 zinazoruhusiwa, na mizani niliyoizoea ni ya Vigwaza, kwetu Tanzania, ambako dereva huulizwa uzito wa ekseli, si alilala saa ngapi.

Askari, kijana mwenye adabu, aliniomba nimtumie rekodi za siku hiyo na za siku 7 zilizotangulia, akanipa kikaratasi chenye herufi na tarakimu, akarudi kibandani. Nikakitia kikaratasi katika mfuko wa shati, nikijua ni namba yangu ya foleni.

Nilipobonyeza kitufe cha kutuma, kishikwambi kikanifungulia kisanduku kitupu chenye neno la Kiingereza ambalo kichwani mwangu lilitua kama "maoni". Sasa mimi nimekulia mahali ambapo kila ofisi ya umma ina sanduku la maoni lenye kufuli lililoota kutu, na sijapata kumwona mtu akilifungua. Leo serikali inaniuliza yenyewe, ninyamaze? Nafasi ilikuwa ya herufi 60 tu. Nikabana maneno: huduma nzuri, ila foleni ya ukaguzi ni ndefu, ongezeni watu. Foleni yenyewe ilikuwa ya malori mawili, nakiri, lakini maoni yasiyo na lalamiko nani atayaamini?

Askari akarudi kusema hakijafika kitu. Nikatuma tena, safari hii nikiisifu sare yake ilivyopigwa pasi. Akarudi tena, akaomba kuona nilichoandika, akakisoma mara mbili, kisha akauliza kikaratasi kiko wapi. Nikakitoa mfukoni na kumwuliza kwa unyenyekevu kama namba yangu imeshaitwa.

Kumbe ile ndiyo iliyotakiwa kuandikwa kisandukuni, ili aweze kulipata faili langu katika mtandao wa serikali. Yale mawili ya kwanza yalikuwa yamefika huko yakiwa yatima. Akasimama mlangoni akinisomea herufi moja moja kama mwalimu wa darasa la kwanza, na safari hii faili likafika papo hapo. Rekodi zilikuwa safi. Nilipotazama kioo cha pembeni nikitaka kuondoka, malori yalikuwa yamejipanga nyuma yangu hadi mwisho wa upeo wa kioo, na la kwanza lilikuwa likinipigia honi.