Agosti 17 ni siku ya Lugalo

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti nilifungulia redio inayorushwa hapa hapa Iringa, kipindi cha matukio ya leo katika historia. Mtangazaji akataja uhuru wa Indonesia, 1945. Akataja uhuru wa Gabon, 1960. Kisha ukapigwa muziki. Hasira ile sijaimaliza hadi leo.

Indonesia na Gabon wanastahili kutajwa, sibishi. Lakini utaimalizaje tarehe hiyo, ukiwa Iringa, bila kusema Lugalo, pale karibu na mji wetu Wahehe walipowashinda Wajerumani? Mwaka 1891, siku kama hiyo, kikosi cha Wajerumani chini ya kamanda Emil von Zelewski kilikuwa kinapita kwenye vichaka na mawe, askari na wapagazi wamefuatana mstari mrefu, kamanda mwenyewe yuko juu ya punda. Wahehe walikuwa wamejificha pembeni na mikuki yao. Ndani ya dakika chache kikosi kilisambaratika, Zelewski mwenyewe akauawa, bunduki na mizinga ikabaki mikononi mwa watu wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Ngome yake ya Kalenga haikuanguka mpaka 30 Oktoba 1894. Miaka mitatu dola ya Ujerumani ilizuiwa na watu wa milima hii!

Sisi Mkwawa tumemfanya mtu wa fuvu. Tunajua alijipiga risasi 1898, kichwa kikapelekwa Ujerumani, Gavana Twining akakirudisha Kalenga 19 Juni 1954. Yafundishwe yote. Ila hizo ni tarehe za kifo chake na za kurudishiwa tulichoporwa. Ya ushindi wake iko wapi? Ukisema Lugalo, wengi wanafikiria hospitali ya jeshi kule Dar. Pale penyewe mabasi yanapita mchana kutwa, na mnara ulioko ni ule Wajerumani waliowajengea watu wao.

Ni kweli, wengi waliokufa upande wa Zelewski walikuwa Waafrika: askari kutoka Sudani na Msumbiji, na wapagazi. Nao watajwe, kwa heshima.

Siombi sikukuu, tunazo za kutosha. Naomba walimu wa historia wa mkoa huu wawapeleke wanafunzi Lugalo, wawasimamishe pale na kuwaeleza kikosi kilitokea wapi na kilivamiwa vipi. Si mbali na mjini. Na wazee wanaojua simulizi za koo zao waalikwe wazungumze, wangali hai.