Lawama za makundi CCM ziwafikie na wanaokata majina

Kila msimu wa uteuzi ndani ya CCM onyo ni lilelile: makundi yavunjwe, makundi yatakiua chama. Ukisikiliza sana utaamini kwamba hasara zote za chama hiki zimetokana na wanachama kujipanga nyuma ya mtu wanayemtaka. Historia ya Dodoma haisemi hivyo.

Mwaka 1995, katika kura za kumpata mgombea urais wa CCM, Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza, Benjamin Mkapa akampiku katika ya pili. Kundi la Kikwete liliumia, lakini kura zake zilihesabiwa mbele ya wote. Hakuhama. Akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa huyohuyo aliyemshinda, na 2005 akarudi na mtandao uliokomaa, yaani kundi la waliomuunga mkono, akamwacha mbali Salim Ahmed Salim. Kwenye uchaguzi mkuu akazoa asilimia 80. Ushindi huo, ambao Mkapa hakuwahi kuufikia, uliandaliwa na kundi.

Mtandao haukuwa msafi. Salim alichafuliwa kwa asili yake na kwa madai ya Uhizbu, yaani ufuasi wa chama cha Hizbu cha Zanzibar ya kabla ya mapinduzi, mambo ya aibu kabisa. Wanaotetea mchujo wa vikao vya juu wana hoja nyingine nzito: mjumbe akiachwa peke yake na mwenye fedha, kura huwa bidhaa. Na kama Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, chama hakikuwa na haki ya kumpima? Kilikuwa nayo.

Kilichokosekana ni mizani inayoonekana. Julai 2015, katika makada 42 waliochukua fomu, jina la Lowassa halikuingia hata tano bora. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba kwamba wana imani naye. Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, wote wajumbe wa Kamati Kuu, wakajitokeza hadharani kujitenga na uamuzi, wakilalamika kwamba waliletewa majina machache tu. Mwezi haujaisha, Lowassa yuko Chadema, chama cha upinzani.

Oktoba John Magufuli, mgombea wa CCM, akapata asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Wengi huitaja 58 hiyo kama gharama ya kukata jina, na ni kweli CCM ilikuwa haijawahi kushuka hapo katika kura ya urais. Ila tuipime vizuri. Mwaka 2010 Willibrod Slaa wa Chadema alipata kama asilimia 27 na Ibrahim Lipumba wa CUF 8. Jumla 35 ilikuwapo kabla ya Lowassa, na 2015 Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, iliziweka kura hizo kapu moja. Kinachobaki ni kama pointi tano, na si zote zake. Hata hivyo, pointi hizo zilitoka kwa watu walioamini mtu wao hakushindwa, alizuiwa. Aliyeshindwa kwa kura hubaki na matumaini ya awamu ijayo, kama Kikwete wa 1995. Aliyekatwa kikaoni anangoja nini?

Tena kikao kinachokata majina hakitoki mbinguni. Mwenyekiti aliyesimamia mchujo wa 2015, Kikwete, alikuwa ndani ya mtandao uleule wa 2005 pamoja na Lowassa. Kundi lililoshika kiti huitwa chama. Lililo nje ndilo huitwa kundi.

Mwaka 2025 Kamati Kuu iliwakata wabunge kadhaa kabla ya kura za maoni, Luhaga Mpina wa Kisesa akiwemo, na Agosti akaibukia ACT-Wazalendo, chama cha upinzani. Kwenye urais hapakuwa hata na fomu za kugombania: mkutano mkuu wa Januari ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan, miezi kadhaa kabla ya muda uliozoeleka, na kwa mgombea mwenza likaletwa jina moja, la katibu mkuu wa chama. Jina lenyewe lilikuwa Emmanuel Nchimbi.