Jua halipimwi kwa mizani

Jumapili mpwa wangu alinijia na simu mkononi. "Mjomba, kuna nyota hapa yenye tungamo la Jua mara mbili na nusu. Mwalimu anataka kilo." Programu ilikuwa imeshamgeuzia: tarakimu kumi na tano, kisha msururu wa sifuri. Naye alikuwa akizinakili zote daftarini, ulimi nje.

Nikamwambia afute.

Mimi ni fundi wa kreni, kugeuza vipimo ndiyo kazi yangu. Tani ya Marekani ni kilo 907, ya Uingereza ya zamani 1,016, yetu 1,000. Ukisoma kitabu cha mtambo bila kujua tani hiyo ni ya nani, mnyororo utakujulisha. Lakini pauni moja ni kilo 0.45359237 kamili, kwa sababu watu walikaa mwaka 1959 wakakubaliana hivyo. Tarakimu zote hizo ni za kweli, hata ukiongeza sifuri elfu.

Kilo za Jua hakuna aliyekubaliana nazo. Zimepimwa, na hapo ndipo kuna shida.

Nenda kwa mama muuza mahindi Kawangware. Atakwambia gunia la kilo 90 linatoa gorogoro (ule mkebe wa kupimia) 45 hivi, na hakosei sana. Sasa muulize gorogoro moja ina gramu ngapi hasa. Mkebe umebonyea, mahindi ya leo hayajakauka vizuri. Atakuangalia tu.

Wanajimu nao wako hivyo (nasema wa darubini, si wale wa kutabiri ndoa). Kwa kufuatilia mwendo wa sayari wanajua vizuri sana kuwa Jua ni sawa na Dunia 333,000 hivi. Kulinganisha wanaweza. Ila ukitaka kilo, lazima upitie namba ya nguvu ya mvutano, ile herufi G ya kitabu cha fizikia. Mvutano kati ya vitu vya kawaida ni hafifu mno. Mwanasayansi Cavendish aliupima London kwa mipira ya madini ya risasi, akachapisha matokeo mwaka 1798, na hadi leo G ni miongoni mwa namba zinazosumbua maabara kuliko zote. Uhakika wake unaishia kwenye tarakimu ya nne au ya tano.

Kwa hiyo Jua lina kilo 1.988 mara kumi kwa kipeo cha 30, na shaka iliyobaki pale mwishoni ni kama Dunia saba nzima. Dunia saba! Halafu simu inakuandikia tarakimu kumi na tano bila aibu. Ndiyo maana mwanajimu husema "Jua mbili na nusu" akanyamaza. Na hata hiyo nusu huwa ni kadirio.

Kijana akaandika 5.0 mara kumi kwa kipeo cha 30. Jumatano daftari likarudi na mkasi mwekundu: jibu la mwalimu lilikuwa na tarakimu nane.

Siku ya wazazi ni Ijumaa. Nitaenda, na gorogoro nitaibeba.