Wamenona Kuliko Wageni

Nilipokuwa katibu wa kikundi cha wafugaji huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, ambako mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei wamefugwa tangu miaka ya 1980, barua zote za Kiingereza zilikuwa mzigo wangu, kwa kuwa wenzangu waliamini kwamba aliyemaliza kidato cha nne hawezi kushindwa na lugha yoyote. Wafadhili wetu wa Uingereza, waliotutembelea mwaka mmoja kabla na kuwakuta mbuzi wetu wamekonda hadi mbavu zinahesabika, waliandika kuulizia maendeleo.

Jambo nililotaka kusema lilikuwa jepesi: mbuzi wa sasa wamenona kuliko wale ambao wageni waliwaona mwaka jana. Kilichonitoa jasho ni neno "fat". Mwalimu wangu alitufundisha kwamba sifa fupi ya Kiingereza huongezewa "er" mwishoni, kwamba sifa ndefu hutanguliwa na "more", na kwamba anayeyachanganya yote mawili akaandika "more fatter" ajiandae kwa viboko. Nilifungua kamusi mara tatu kwa ajili ya ile t ya pili tu. Nilipokwisha kuiweka mahali pake nilijiona kama mchezaji aliyefunga bao la ugenini, nikaandika kwa mwandiko wa kuunga: "Our goats are now fatter than last year's visitors." Chini yake nikaongeza kwa upole: "We love these goats more than you."

Mwenyekiti aliomba nimtafsirie, nami nikamtafsiria nilichokusudia, akagonga mhuri kwa furaha.

Jibu lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwamo katika msafara ule, mama mwenye mwili wa kutosha. Alishukuru, kisha akaeleza kwamba baada ya kusoma barua yetu amejipima na kukuta kilo 92, hivyo anaomba uzito wa mbuzi wetu mkubwa kuliko wote ili ukweli ujulikane. Kuhusu mapenzi, alisema hakushangaa, kwa kuwa mume wake naye ana mbwa.

Hapo ndipo nilipoisoma upya nakala yangu. Neno dogo la "those", ambalo lingefanya kazi ya "wale" wetu, sikuliweka popote, na kwa hiyo mbuzi wakalinganishwa na wageni wenyewe. Sentensi ya pili ilihitaji "do" mwishoni; ingawa, kwa haki, hata Kiswahili kina mtego huohuo, maana ukisema "tunawapenda mbuzi kuliko ninyi", msikilizaji atachagua mwenyewe mahali pa kuudhikia.

Nilipendekeza tuombe radhi. Mwenyekiti alikataa katakata, akasema mgeni ameuliza uzito na atapewa uzito. Tukamning'iniza beberu kwenye mzani (nasema beberu wa zizini, msinielewe vibaya), akawapiga teke watu wawili, akasoma kilo 61. Nikaripoti idadi hiyo kwa unyenyekevu, na ili kumrudishia mama yule heshima yake nikahitimisha: "You are superior than our he-goat."

Safari hii ilirudi barua yangu mwenyewe. Neno "than" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu na juu yake pameandikwa "to". Sehemu iliyobaki ya sentensi, aliandika pembeni, anaikubali.