Dola 95 za New Jersey na mipaka ya huruma ya jimbo

Februari 2023, Gavana Phil Murphy wa jimbo la New Jersey, Marekani, alitia saini sheria iliyopandisha kima cha chini cha msaada wa chakula hadi dola 95 kwa mwezi kwa kaya zilizomo katika SNAP, mpango ambao wengi bado wanauita kwa jina lake la zamani, stempu za chakula. Mwaka mmoja kabla, jimbo hilo lilikuwa limekiweka kima hicho kwenye dola 50, ilhali kima cha serikali ya shirikisho mwaka 2023 kilikuwa dola 23. Sheria ilikuja wakati nyongeza ya dharura ya kipindi cha Uviko-19 inafikia kikomo nchi nzima, na dola 95 ndizo zilizokuwa nyongeza ndogo kuliko zote chini ya utaratibu huo wa dharura.

Ili kuelewa nani aliyenufaika, ni lazima kwanza kujua hesabu inavyopigwa. SNAP huchukulia kwamba kaya itatumia takriban asilimia 30 ya kipato chake halisi kununulia chakula, kisha hufidia pengo linalobaki hadi kiwango cha juu kilichowekwa. Ajuza anayeishi peke yake kwa pensheni ya uzeeni huweza kujikuta ameangukia kima cha chini, baada ya kujaza fomu, kuhojiwa, na kukusanya risiti za kodi ya nyumba na za dawa ili zipunguzwe kwenye kipato chake. Dola 23 humtosha mayai, maziwa, mkate na chupa ya mafuta, halafu mwezi bado mbichi. Kadi yake ya SNAP hainunui sabuni, wala kuku wa kuchoma aliye moto kwenye kabati la duka, ingawa kuku mbichi inamnunua (kanuni ambayo sijawahi kusikia ikitetewa kwa hoja inayoingia akilini). Kwa malipo madogo kiasi hicho, si ajabu wazee wengine wakaona usumbufu wa maombi haufai.

Wapinzani wa sheria za aina hii wana hoja isiyopaswa kupuuzwa. Mama asiye na kipato chochote, ambaye tayari anapata kiwango cha juu, haambulii hata senti moja kutokana na kupandishwa kwa kima cha chini. Fedha za jimbo zinakwenda kwa wale ambao, miongoni mwa maskini, wana nafuu kidogo. Hilo ni kweli. Hata hivyo hesabu ya asilimia 30 haikumbuki kwamba kodi ya nyumba katika jimbo ghali kama New Jersey humeza pensheni kabla ya sokoni kufikiwa, kwa kuwa makato yanayoruhusiwa kwa ajili ya nyumba hayalingani sikuzote na kodi anayolipa mtu. Kwa upande wangu naiona nyongeza hii kuwa ya haki, japo si dawa ya ufukara uliokithiri.

Njia ya pili iliyo mikononi mwa majimbo ni kuinua ukomo wa kipato kinachoiruhusu kaya kuingia SNAP. Kanuni ya kawaida ni asilimia 130 ya mstari wa umaskini, lakini jimbo linaruhusiwa kufika hadi asilimia 200. New Jersey imesimama kwenye 185. Hapa ndipo mizani ilipobadilika. Sheria ya shirikisho ya Julai 2025 inayataka majimbo ambayo makosa yao ya malipo, yaani kulipa zaidi au pungufu ya stahili, yanafikia asilimia 6 yabebe kati ya asilimia 5 na 15 ya gharama ya msaada wenyewe, kuanzia Oktoba 2027, mzigo ambao hadi sasa Washington imeubeba peke yake. Mwaka 2024 wastani wa kitaifa wa makosa ulizidi asilimia 10. Makosa hayo kwa sehemu kubwa si wizi. Ni karani aliyekosea, au mfanyakazi wa zamu ambaye saa zake hubadilika kila wiki na hakuripoti kwa wakati. Ukomo unapoinuliwa, wanaoingia zaidi ni haohao wenye vipato vya kupanda na kushuka, kwa hiyo mbunge anayepinga upanuzi leo ana hoja ya fedha ambayo mwaka 2023 hakuwa nayo.

Sheria hiyohiyo imewaondoa wakimbizi katika SNAP hadi wapate ukaazi wa kudumu, jambo linalozigusa moja kwa moja familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili zilizohamishiwa Marekani. Jimbo linaweza kuziba pengo kwa fedha zake, kama California inavyofanya tangu miaka ya 1990 kwa baadhi ya wahamiaji halali waliofungiwa mlango wa shirikisho. Lakini jimbo hubeba gharama hiyo peke yake, bila mchango wa Washington.

Katiba ya New Jersey, isitoshe, hairuhusu bajeti yenye nakisi. Kila Juni, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1, nyongeza ya yule ajuza hurudi mezani pamoja na mabasi, shule na pensheni za walimu.